Kadi moja ya CompactFlash kwa kompyuta kongwe kadhaa: mwongozo wa hatua kwa hatua

"Nina 386 na 486. Nimepata kadi ya CompactFlash ili niwe nahamisha mafaili kati yake. Kwenye 486 kila kitu kiko sawa, lakini nikiipeleka kwenye 386 naona majina ya mafaili, nikiyafungua nakuta takataka. Kadi imekufa?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi anayeuliza ameshatupa kadi moja au mbili zilizokuwa nzima kabisa. Kadi haijafa. Mashine mbili zimetofautiana katika kuhesabu sekta zake (vipande vidogo ambamo data huhifadhiwa), kila moja ikiamini hesabu yake ndiyo sahihi. Ukizifanya zikubaliane kabla ya kuandika faili la kwanza, kadi hiyo hiyo itatembea kutoka XT hadi Pentium kwa miaka bila kukusumbua.

Shika jambo moja tangu sasa: mashine iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua. Kadi igawanywe kwa uwezo wake, ifomatiwe ikiwa ndani yake, na zile zenye nguvu zifuate. Karibu kila anayekwama amefanya kinyume: ameandaa kadi kwenye kompyuta ya kisasa au kwenye mashine yake nzuri kuliko zote, kisha akaitegemea ile kongwe ielewe.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya PC za DOS zenye IDE (njia ya kuunganisha diski kwenye PC). Wenye Amiga na Macintosh nimewawekea maelezo mafupi baada ya hatua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kadi ya CompactFlash, ikiwezekana ya MB 512 au ndogo zaidi. Kadi kubwa inatumika pia, ila itakubidi ukubali kutumia sehemu yake ndogo tu. Kama unaweza kuchagua, chukua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mitambo ya viwandani, kwa sababu hujitambulisha kama diski isiyoondolewa. Baadhi ya kadi za kamera hujitambulisha kama diski ya kuondoa, na programu nyingine za zamani hazizipendi.
- Adapta ya CF kwenda IDE kwa kila mashine: ya pini 40 kwa kompyuta za mezani, ya pini 44 kwa laptop. Haina chipu ya kutafsiri, ni nyaya tu, kwa sababu CompactFlash tangu SanDisk walipoitoa mwaka 1994 inaijua lugha ya IDE yenyewe. Ukipata ile inayofungwa kwenye upenyo wa nyuma wa kasha, utabadilisha kadi bila kufungua skrubu hata moja.
- Kwa mashine isiyo na IDE, kama XT ya 8088 na 286 nyingi, kadi ya XT-IDE inayoingia kwenye nafasi ya ISA ya biti 8, yenye XTIDE Universal BIOS (BIOS ni programu ya msingi inayoiamsha mashine na kuzitambua diski zake).
- Floppy ya kuwashia ya MS-DOS 6.22 yenye FDISK ya kugawanya diski, FORMAT ya kuifomati, SYS ya kuifanya iwashe mashine, na SCANDISK ya kuikagua. Gotek (kifaa kinachoiga kiendeshi cha floppy) yenye FlashFloppy inatosha badala ya floppy halisi.
- Kompyuta ya kisasa na kisoma kadi.
- Kalamu na stika ndogo. Utaandika namba tatu na kuzibandika kwenye kadi yenyewe.

Wengi huuliza kuhusu adapta za SD. Zinafanya kazi, na kwa mashine moja sina shida nazo. Kwa kushirikisha kadi kati ya mashine nyingi napendelea CF, maana adapta ya SD ina chipu katikati, na chipu hiyo ndiyo inayoitangazia BIOS ukubwa na mgawanyo wa kadi. Adapta mbili zenye chipu tofauti zinaweza kutangaza namba tofauti kwa kadi ile ile, na hapo umerudi kwenye tatizo tulilolianza nalo.

Nadharia kidogo, isiyoepukika

BIOS za zamani huitafuta data kwa anwani ya vipande vitatu: silinda, kichwa na sekta. Kwa diski ya IDE, kikomo ni silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 kwa kila njia, kila sekta ikiwa na baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 528,482,304, yaani MB 504 kwa hesabu ya 1,024. BIOS zilizokuja baadaye ziliruka kizuizi hiki kwa kujifanya diski ina vichwa vingi zaidi, mpaka 255.

Sasa chukua anwani "silinda ya 10, kichwa 0, sekta 1". Kwa mashine inayohesabu vichwa 16, hiyo ni sekta ya 10,080 ya kadi. Kwa inayohesabu vichwa 255, ni sekta ya 160,650. Anwani ni ile ile ila nyumba ni mbili, zilizo mbali kabisa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mwanzo wa kadi unalingana. Sekta 1,008 za kwanza zina anwani moja kwa mashine zote mbili. Patisheni (fungu la diski linalotumika kama diski moja) ya karibu MB 500 inayoanzia sekta ya 63 huweka orodha zake mbili za FAT (zinazoonyesha kila faili liko wapi) na saraka kuu ndani ya sekta 600 hivi za mwanzo. Kwa hiyo amri ya DIR itakuonyesha kila jina, kila ukubwa, kila tarehe, vyote sahihi. Hata mafaili ya mwanzo ya DOS yanaweza kusomeka na mashine ikaanza kuwaka. Mbele kidogo ya hapo kila kitu ni uongo. Mara ya kwanza nilipokutana na hali hii nilikaa jioni nzima nikiisuluhisha kwa SCANDISK, na kila nilipokubali "kurekebisha" kosa, nilikuwa naharibu mafaili mazima. Tafadhali usifanye hivyo. Ukiona majina ni sawa na yaliyomo ni takataka, zima mashine hapo hapo kabla haijaandika chochote.

Hatua

1. Itafute mashine dhaifu. Ziandike mashine zako zote kwenye karatasi. Kwa kila moja andika: prosesa, toleo la DOS, na kama BIOS yake inakuruhusu kuandika mwenyewe namba za diski (mara nyingi ni aina ya 47, inayoitwa "User"). 286 nyingi hazina nafasi hiyo, zina orodha ya aina za kudumu tu. Hizo zinahitaji XT-IDE, na kwenye BIOS yao uandike kwamba hakuna diski ngumu.

Angalia toleo la DOS kwa makini. DOS 3.3 haivuki patisheni ya MB 32. MS-DOS 5 na 6.22 zinafika GB 2 kwa FAT16. FAT32 ilikuja na Windows 95 OSR2 mwaka 1996, na DOS 6.22 haiioni kabisa. Ushauri wangu ni kuweka 6.22 kwenye mashine zote, kwani hata 8088 inaiendesha. Kama kuna mashine unayotaka ibaki na 3.3, basi kadi yote ya pamoja iwe na patisheni ya MB 32.

2. Ifute kadi. Kadi iliyotoka kwenye kamera huwa na mabaki ya mpangilio wa kamera, na FDISK ya DOS haiandiki upya msimbo wa kuwashia ikiona tayari kuna alama ya mwisho kwenye sekta ya kwanza. Ianze ikiwa tupu. Kwenye Linux:

`dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=512 count=64`

Kwenye Windows tumia `diskpart`, chagua diski, kisha `clean`. Onyo: weka herufi sahihi mahali pa X. Endesha `lsblk` kabla ya kuchomeka kadi na baada ya kuichomeka, uone ni ipi iliyoongezeka. Amri hii haiulizi mara mbili, na watu wamefuta diski ya kompyuta yao ya kazi kwa herufi moja tu.

Usiigawanye wala kuifomati hapa. Kompyuta ya kisasa itaanzia patisheni mahali pengine na inaweza kuipa aina ambayo DOS haiitambui. Kazi yake kwenye mradi huu ni kunakili mafaili tu, basi.

3. Funga adapta. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Mstari mwekundu wa kebo uelekee pini namba 1. Kwenye adapta ya pini 44 kosa hili ni hatari zaidi, maana umeme unapita kwenye kebo ile ile. Kama adapta ina jampa ya 3.3V na 5V, weka 5V. CF inakubali zote mbili na mashine za wakati huo zinazungumza kwa 5V. Jampa nyingine iwe kwenye "Master", na kadi iwe peke yake kwenye kebo. Kadi mbili kwenye kebo moja mara nyingi hugombana.

Ingiza kadi ikiwa imenyooka. Adapta ina pini 50 nyembamba kama sindano, na ukiisukuma kadi kwa pembe moja utazilaza. Ukihisi inagoma, itoe utazame kwa tochi, usilazimishe.

Na hili ni la milele: usiiingize wala kuitoa kadi kwenye adapta ya IDE mashine ikiwa imewashwa. Kadi huamua kuwa IDE pale tu umeme unapoingia. Ukiichomeka baadaye haitajua inapaswa kuwa nini, na unaweza kuiunguza pamoja na kidhibiti cha diski.

4. Soma namba tatu za kadi. Weka kadi kwenye mashine yako yenye BIOS inayotambua diski yenyewe, kwa kawaida 486 ya mwisho mwisho au Pentium. Nenda kwenye utambuzi wa diski za IDE na utazame mstari wa "Normal", usijali mistari ya "LBA" na "Large". Kadi ya MB 512 iliyo mbele yangu sasa inasema silinda 993, vichwa 16, sekta 63. Kadi ndogo zaidi mara nyingi husema sekta 32 badala ya 63, na hilo si kosa.

Kama silinda zimezidi 1,024, kadi yako ni kubwa. Tumia 1023, 16, 63 na uisahau sehemu yote iliyobaki. Namba hizo tatu ziandike kwenye stika, ubandike kwenye kadi upande usio na alama ya mshale.

5. Andika namba hizo hizo kwenye kila mashine. Kwa mkono. Aina "User" au 47, hali "Normal". Usiache "Auto", hata kama inaonekana kukubali, kwa sababu baadhi ya BIOS zikiachiwa huchagua LBA na kupanga vichwa na sekta kwa hesabu yao. Mahali penye "Write precomp" na "Landing zone" weka 0. Hayo yalikuwa ya diski zinazozunguka.

Kwenye XT-IDE, kadi yenye silinda zisizozidi 1,024 itasomwa kawaida bila kufanya lolote. Kwa kadi kubwa, fungua XTIDECFG na uweke namba zako tatu kwenye "User specified CHS".

6. Gawanya kadi kwenye mashine dhaifu. Washa kwa floppy, endesha `FDISK`, tengeneza patisheni kuu ya DOS, ukubali ukubwa wote unaotolewa, na uhakikishe imewekwa kuwa "Active". Washa upya, kisha:

`FORMAT C: /S`

Wengine hunishauri patisheni kadhaa ili kupunguza upotevu wa nafasi. Kwa MB 500 kila fungu la FAT16 ni KB 8, upotevu mdogo tu. Patisheni moja inatosha, na herufi za diski hazitabadilika ukihama mashine.

7. Panga mwanzo wa mashine. Kadi itakayowasha 8088 na 486 haiwezi kuwa na CONFIG.SYS (faili la mipangilio ambalo DOS husoma ikianza) moja ya kijinga. Kati ya programu za kusimamia kumbukumbu, HIMEM.SYS inahitaji 286 au zaidi, na EMM386 inahitaji 386. MS-DOS 6 ina menyu kwa ajili ya jambo hili hasa:

```
[MENU]
MENUITEM=XT, Mashine ya 8088
MENUITEM=TATU, Mashine za 386 na 486
MENUDEFAULT=XT,10

[XT]
FILES=30

[TATU]
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
FILES=30
```

Na kwenye AUTOEXEC.BAT:

```
@ECHO OFF
PATH C:\DOS
GOTO %CONFIG%
:XT
GOTO MWISHO
:TATU
LH C:\PANYA\MOUSE.COM
:MWISHO
```

Chaguo la msingi liwe lile la mashine dhaifu. 486 ikianza kwa mpangilio wa XT itakuwa maskini wa kumbukumbu tu, lakini 8088 ikilazimishwa kupakia vitu vya 386 utakuwa unasoma makosa kila unapoiwasha.

8. Jaribu mwisho wa kadi, si mwanzo. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayotofautisha kadi ya kuaminika na bomu. Kama nilivyoeleza, mwanzo wa kadi utaonekana mzima hata namba zikiwa tofauti. Basi, ukiwa kwenye mashine dhaifu, tengeneza folda JARIBU, unakili ndani yake faili kubwa kama la MB 10 mara nyingi kwa majina tofauti, mpaka nafasi iishe kabisa. Hamisha kadi kwenye mashine ya pili na ulinganishe la kwanza na la mwisho:

`FC /B C:\JARIBU\A01.BIN C:\JARIBU\A48.BIN`

Ukipata "no differences encountered", rudia kwenye mashine ya tatu, ya nne, mpaka uzimalize. Ukipata safu ya namba zinazoshuka bila kukoma, rudi hatua ya 5. Usiweke kitu cha thamani kabla jaribio hili halijapita kwenye mashine zote. Likishapita, futa folda hiyo.

9. Chukua taswira ya kadi. Iweke kwenye kisoma kadi cha Linux:

`dd if=/dev/sdX of=kadi.img bs=1M`

MB 512 ni kitu kidogo kwa kompyuta ya sasa. Ukiharibu chochote siku za mbele, unarudisha taswira na kuendelea.

10. Jifunze utaratibu wa kuhama. Kila unapotaka kutoa kadi: toka kwenye programu, subiri alama ya `C:\>`, andika `SMARTDRV /C` kama unatumia SMARTDRV, subiri irudi, zima mashine, ndipo utoe kadi. SMARTDRV inaweza kushikilia maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diski. Kuanzia DOS 6.2 haikurudishii alama ya amri mpaka imalize kuandika, lakini matoleo ya kabla ya hapo hayana huruma hiyo. Nimewahi kupoteza folda nzima ya picha nilizozichora kwa mwezi mmoja kwa kubonyeza swichi sekunde mbili mapema.

Kwenye kompyuta ya kisasa, iondoe kadi kwa njia rasmi kabla ya kuichomoa. Majina ya mafaili yawe ya herufi nane na kiendelezi cha tatu. Majina marefu hukaa kwa kutumia nafasi za ziada kwenye saraka, na saraka kuu ya FAT16 huwa na nafasi 512 tu. Ukimwaga mafaili mia mbili yenye majina marefu pale juu, DOS itakataa kuandika hata kama kadi ina MB 300 tupu. Tengeneza folda, weka humo. Pia, macOS huacha mafaili yanayoanza na nukta na Windows huacha folda ya "System Volume Information". Hayana madhara, yafute tu kabla ya kuhama.

Wenye Amiga na Macintosh

Amiga 600 na 1200 zina nafasi ya PCMCIA pembeni, na CF inaingia humo kwa adapta rahisi. Pakua kutoka Aminet, hazina ya mtandaoni ya programu za Amiga, vitu viwili: cfd, inayoleta compactflash.device, na fat95, inayoifundisha Amiga kusoma FAT. Kadi itatokea kama CF0:. Kwa njia hii kadi ile ile ya DOS inasomeka kwenye Amiga, na unaweza kuibadilisha bila kuzima. Usichanganye na kadi iliyowekwa ndani kama diski ngumu ya Amiga. Hiyo ina mpangilio wake wa patisheni ambao PC haiujui, nayo ibaki humo humo.

Macintosh za SCSI (njia nyingine ya kuunganisha diski) ni habari nyingine. Pale tumia BlueSCSI au ZuluSCSI, vifaa vinavyoiga diski za SCSI, ambapo kadi ya SD hubeba diski nzima kama mafaili: HD10_512.hda, kwa mfano, ni diski yenye namba ya SCSI 1 na sekta za baiti 512. Uzuri wake ni kwamba kompyuta ya kisasa inaona mafaili ya kawaida, na unaweza kulihamisha faili moja kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Namba 7 ni ya Macintosh yenyewe, usiiguse. PowerBook 190 na 5300 zina nafasi ya PC Card, na kwa PC Exchange iliyokuja na System 7.5 zinasoma CF ya DOS moja kwa moja.

Kuna anayeuliza kama anaweza kufunga kompyuta mbili kwenye mnyororo mmoja wa SCSI ili zitumie diski moja kwa wakati mmoja. Kwa umeme inawezekana ukibadilisha namba ya moja. Kwa data, mafahali wawili hawakai zizi moja: kila mfumo unashika picha yake ya saraka kichwani, na wa pili kuandika anafuta kazi ya wa kwanza.

Ukitaka mashine mbili zione kadi moja bila kuihamisha

MS-DOS 6 ina jibu ndani yake tayari. Kadi inabaki kwenye mashine moja, ambayo unaendesha `INTERSVR`. Kwenye nyingine unaweka mstari huu kwenye CONFIG.SYS:

`DEVICE=C:\DOS\INTERLNK.EXE`

Ziunganishe kwa kebo ya null modem kwenye poti za siriali, au kwa kebo ya LapLink kwenye poti za printa, ambayo ni ya kasi zaidi. Anza na mashine yenye kadi. Mashine ya pili itapata herufi mpya za diski, na itasoma na kuandika kana kwamba kadi ni yake. Mashine yenye kadi haitafanya kazi nyingine muda wote huo, na hilo ndilo linaloifanya njia hii iwe salama: anayeandika ni mmoja. Hapa pia namba za silinda hazina maana kwa mashine ya pili, kwa hiyo ni mlango mzuri kwa laptop ambayo BIOS yake imekataa kila kitu.

Usiendeshe SCANDISK, DEFRAG wala FORMAT kupitia kebo. Hizo ziendeshwe kwenye mashine yenye kadi.

Mambo yakikwama

*BIOS haioni kadi kabisa.* Tazama jampa ya Master, mstari mwekundu, na waya wa umeme wa adapta. Ule mdogo wa floppy husahaulika. Kama inaonekana ukibonyeza Ctrl+Alt+Del lakini si unapowasha mara ya kwanza, mashine inauliza kabla kadi haijawa tayari. Washa jaribio refu la kumbukumbu kwenye BIOS ili kuichelewesha.

*"Missing operating system", au kialama kinamweta bila neno.* Washa kwa floppy, endesha `FDISK /MBR`, hakikisha patisheni ni Active, kisha `SYS C:`. Ikirudia kwenye mashine moja tu na nyingine zinawaka, linganisha namba za BIOS na stika.

*Betri ya CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS) imekufa na namba zinapotea.* Ndiyo sababu ya stika. Ila tazama pia tarehe: mashine isiyo na betri mara nyingi huandika mafaili kwa mwaka 1980, na programu ya kunakili inayochagua "faili jipya zaidi" italifunika la leo kwa la wiki iliyopita. Weka `DATE` na `TIME` kila unapowasha mpaka ubadilishe betri.

*"File creation error" na nafasi ipo.* Saraka kuu imejaa. Hamishia mafaili ndani ya folda.

*Windows inasema kadi inahitaji kufomatiwa.* Kataa. Irudishe kwenye mashine dhaifu, uone kama bado inasomeka huko. Ikisomeka, jaribu kisoma kadi kingine kabla ya kugusa chochote.

*Amiga inaona kadi lakini haioni mafaili.* Mara nyingi fat95 haijawekwa mahali pake kwenye L:, au kadi imefomatiwa FAT32 na mtu mwingine nyuma yako. Tazama aina ya patisheni kwenye Linux kwa `fdisk -l`. Kwa kadi hii unatafuta aina 6, au 4 kama ni chini ya MB 32. Ukikuta b, c au e, imeshatoka kwenye njia ya DOS 6.22, nakili yaliyomo na urudie kuanzia hatua ya 2.

*Panya wa siriali anakufa baada ya kuweka INTERLNK.* Inapapasa poti zote kutafuta mwenzake na kumkuta panya. Iambie itazame poti ya printa tu: `DEVICE=C:\DOS\INTERLNK.EXE /LPT`.